Mlango Niliomtengenezea Mama

Mwanangu, ipo siku moja inayonirudia kila ninaponusa mbao mbichi ya mti wa siala, na siipendi. Ningekuwa na uwezo ningeirudisha nyuma niifanye upya. Kwa kuwa uwezo huo sina, acha nikusimulie wewe, maana nimesikia unakuja Agosti na mashine zako.

Dada yako ameniambia kila kitu, na usimkasirikie. Amesema umenunua randa ya umeme na drili kule Migori, na kwamba jioni ukitoka kazini unajifunza useremala kwenye video za simu, huyu akikuonyesha kukata, yule kupaka vanishi. Picha za meza yako nimeziona. Ni meza nzuri, miguu yote inafika chini, jambo ambalo meza yangu ya kwanza haikuliweza. Halafu akaniambia, huku akicheka, kwamba mara ya mwisho ulipokuja ulipima mlango wangu kwa futi nilipokuwa kanisani, na kwamba unataka kunishangaza. Nilicheka naye. Simu ilipokatika sikucheka tena.

Sasa nisikilize. Hili ni la bibi yako, mama yangu mzazi, ambaye hukumkuta.

Baba alikuwa na wake wawili katika boma hili hili la Kendu Bay. Mama alikuwa mke mkubwa. Mke mdogo tulimwita Min Atieno, yaani mama wa Atieno, kwa jina la binti yake. Nyumba zao zilitazamana, uwanja katikati, na wao wenyewe hawakutazamana. Ugomvi wao ulianza kabla sijazaliwa na hakuna aliyewahi kunieleza ulihusu nini. Nadhani hata wao walikuwa wameshasahau, wakabaki na mazoea tu. Baba alipofariki kelele ziliisha, lakini salamu pia ziliisha.

Kisha macho ya mama yakaanza kufifia. Yalififia polepole, mwaka hadi mwaka, mpaka yakazima kabisa. Watu wa kanisa walisema atafutiwe mtoto wa kumshika mkono. Mama alikataa. Alisema nyumba yake anaijua, na kweli aliijua. Alipika, alifagia, aliokota mayai, na mgeni angeweza kunywa chai kwake hadi akaondoka bila kugundua kwamba mwenye nyumba haoni.

Ngoja nikueleze alivyofanya, kwa sababu habari yote iko hapo. Akitoka kitandani alipitisha mkono ukingoni mwa benchi refu lililoegemea ukuta, akatembea nalo mpaka goti lake liguse mguu mmoja wa benchi uliotokeza nje. Sisi wenye macho tulijikwaa kwenye mguu ule kila siku, tukaulaani. Kwake ulimaanisha kwamba mtungi wa maji uko hapo kushoto. Kutoka kwenye mtungi alinyoosha mkono wa kulia akaukuta mwimo wa mlango. Ulikuwa mwimo wa siala ambao baba aliuchonga kwa shoka na tezo, haukuwahi kuonja randa. Ulikuwa mkwaruzo mtupu, isipokuwa mahali pamoja ambapo kiganja cha mama kilikuwa kimepalainisha kwa miaka, pakabonyea kidogo. Kiganja kikitua pale, mama alijua ameelekea uwanjani sawasawa. Alikanyaga kizingiti kilichochakaa katikati, akashuka, akafuata ukuta hadi banda la kuku, akarudi na mayai ndani ya leso.

Na Min Atieno alikuwa amekaa mlangoni pake, ng'ambo ya uwanja, akimtazama. Mama alijua anatazamwa. Ndiyo maana alitembea shingo juu.

Mambo haya ninakueleza leo kama mtu aliyeyajua. Wakati ule sikuyajua. Nilimwona mama akienda na kurudi, nikadhani anaenda na kurudi tu.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi ya stoo katika duka moja la vifaa vya ujenzi Migori mjini. Ukishinda siku nzima kati ya misumari na bawaba, mkono huanza kuwasha. Nilianza kununua vifaa kimoja kimoja, msumeno, patasi, randa ya mkono, nikawa natengeneza vitu vidogo chumbani nilimopanga. Kiti cha kwanza kilimwangusha rafiki yangu. Cha pili kilisimama. Baada ya hapo, mwanangu, nilivimba kichwa. Kila nyumba niliyoingia niliona kasoro za mbao zake kabla sijamsalimu mwenyewe.

Nikija nyumbani niliona aibu kubwa. Mlango wa mama ulikuwa umepinda. Miimo ilikuwa na mikwaruzo ya shoka. Kizingiti kilikuwa kimeliwa katikati, na mvua kubwa ikinyesha maji yaliingia ndani. Nilijiambia mwana wa mama huyu ni fundi, na mama anaishi hivi. Nikaamua kumtengenezea, na nikaamua iwe siri, kwa sababu nilitaka kuuona uso wake atakapojua.

Kila Agosti mama alienda makambi ya kanisa, juma zima la ibada. Akina mama wenzake walimchukua na kumrudisha, na huko alikubali kushikwa mkono kwa sababu hapakuwa kwake. Nikaomba likizo. Alipoondoka tu, nikaingia na sanduku langu la vifaa.

Sijawahi kufanya kazi kwa furaha kama juma lile. Niling'oa miimo ya baba, nikaweka fremu mpya niliyoipiga randa na msasa mpaka ungeweza kuipitishia shavu. Mlango niliufunga upande wa pili, ufunguke kwa nje, usile nafasi ya chumba. Kizingiti nilikiinua ili maji na nyoka wasipite. Benchi nililipiga randa pia, nikaukata ule mguu uliotusumbua maisha yetu yote, nikalihamishia ukuta mwingine ambako nyumba ilionekana pana. Miimo ya zamani niliipasua kuni. Nyingine nilichemshia chai yangu, na fungu moja nikampelekea Min Atieno, nikajiona kijana mwenye adabu sana.

Alikuwa amekuja kusimama uwanjani siku niliyokuwa nang'oa miimo. Hakukaribia. Aliniuliza, "Nyathina, umeongea na mwenye nyumba?"

Nyathina ni mtoto wangu. Aliniita hivyo siku zote, hata mama akiwa anasikia.

"Ni zawadi, mama," nikamwambia. "Nataka ashangae."

"Mtu haoni, wewe unamshangaza na nini?"

Nikacheka. Akasema, "Hiyo mti mama yako anaishika kila asubuhi. Muulize kwanza. Makambi inaisha tu sasa hivi."

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine huenda asingelifanya. Sisi tuliozaliwa katika boma la wake wawili tunalelewa na neno moja, nyiego, wivu wa wake wenza. Tangu utotoni nilifundishwa kwamba likitoka neno nyumba ile, nilipime mara mbili kabla ya kulimeza. Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Basi nilimtazama Min Atieno, nikatazama mlango wake nyuma yake, uliochakaa kuliko wetu, nikasema moyoni, "Kumbe ndilo hilo." Nikamwahidi kwamba nikimaliza kwa mama nitamfanyia na yeye. Aligeuka akaenda zake. Yeye alikuwa ndiye mtu pekee aliyemtazama mama kwa makini miaka ile yote, awe alimtazama kwa chuki au kwa nini. Sikulifikiria hilo kabisa.

Mama akarudi. Nilimpokea langoni, nikamshika mkono, nikamfikisha mbele ya mlango, nikamwambia, "Mama, gusa."

Akagusa. Mkono wake ulipanda kwenye mwimo, ukashuka, ukapanda tena, ukitafuta. Nilidhani anasikia ulaini. Aliendelea kutafuta kwa muda mrefu, nami nimesimama kando nikitabasamu peke yangu. Kisha akauondoa mkono, akaugeuza uso upande niliokuwa nimesimama, akasema, "Asante, mwanangu. Umefanya kazi kubwa. Baba yako angefurahi." Akaniombea palepale mlangoni, akamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto mwenye mikono. Nilirudi Migori nikiwa mtu mwenye furaha kuliko wote ndani ya gari lile.

Nilikuja tena likizo ya Desemba. Nikamkuta mama amekaa kwenye kiti nje, kando ya mlango, mikono mapajani. Nilidhani anakaa pale ili wapita njia wauone mlango. Uniamini, mwanangu, nilidhani hivyo. Nikaketi naye, tukaongea. Baada ya muda akamwita Min Atieno kwa sauti ndogo. Min Atieno akavuka uwanja na fimbo mkononi. Mama akashika ncha moja ya fimbo, Min Atieno akashika nyingine, wakaongozana kwenda chooni. Mama alikuwa ameinamisha shingo.

Na mimi, mjinga mimi, nikawapigia kelele ya furaha nyuma yao. "Naona mmepatana!"

Mama hakugeuka. Alisema tu, "Min Atieno ni mtu mzuri." Min Atieno ndiye aliyegeuka, akaniangalia, na yale macho yake ninayaona hadi leo.

Jioni hiyo aliniita nyumbani kwake. Sikuwa nimewahi kuketi ndani ya nyumba ile. Hakunipa chai.

"Wewe unafikiri tumepatana," akasema. "Mama yako amefungwa. Ni wewe umemfunga."

Akaendelea, taratibu, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno kwa muda mrefu.

"Siku ulienda Migori, mama yako alitoka asubuhi kama kawaida yake. Mimi nilikuwa hapa mlangoni. Nilimwona anashika hewa. Anashika, anashika, hapati. Akaja mbele tu hivyo, ile kizingiti yako ikamwangusha. Nilikimbia. Hakutaka nimwinue. Alikaa hapo chini kwa mchanga, akaniambia, 'Usiambie mtoto.' Hiyo ndiyo neno la kwanza mama yako ameniambia tangu tuzike baba yako."

Nilimwuliza kwa nini hakunitumia habari hata hivyo. Hakupandisha sauti.

"Nilikuambia mapema, nyathina. Nilisimama hapo nikakuambia, ukaona ni nyiego." Kisha akaongeza, na hili ndilo lililonivunja, "Mimi nimemkasirikia mama yako miaka mingi. Kila asubuhi nilimwangalia akipita bila kuhitaji mtu, nikasema huyu ana kiburi. Lakini sikumwombea hii. Sikuwahi kutaka anishike fimbo."

Mwanangu, nililia mbele yake kama mtoto. Aliniacha nilie. Kisha akainuka, akaenda pembeni kulikokuwa na kuni, akarudi na kipande cha siala chenye urefu wa mkono. Kilikuwa ndani ya lile fungu nililompelekea. Katikati yake palikuwa pamebonyea, laini, peusi kwa mafuta ya kiganja. "Hii nilikataa kuchoma," akasema. "Niliijua."

Kesho yake nilianza kuirudisha nyumba. Utasema, basi si ungemhamishia kwako? Kwetu mama halali katika nyumba ya mwanawe, unalijua hilo. Na nyumba yangu mwenyewe ilikuwa simba, kile kibanda cha kijana karibu na lango. Nyumba ile ndiyo ilikuwa yake. Hakuwa na nyingine ya kwenda, na mimi nilikuwa nimeichukua yote kwa juma moja.

Kizingiti nilikishusha. Mlango niliurudisha upande wake. Benchi nililirudisha ukuta wa zamani, nikamwuliza lilikuwa linaanzia wapi.

"Pale pale," akasema.

"Pale wapi, mama? Hapa? Au nisogeze?"

Akanyoosha mkono, akaufuata ukingo nilioulainisha mimi, akasimama. Kwa mara ya kwanza nikaona uso wake umeshuka. "Mwanangu," akasema, "mimi sijui. Mkono ndio ulikuwa unajua."

Mguu wa benchi niliukata, sikuwa nao. Niliunga mwingine, lakini haukutokeza mahali pale pale, na goti lake halikuutambua. Mwisho tukafika kwenye mwimo. Min Atieno alikishika kile kipande cha siala kwenye fremu yangu mpya, mimi nikiwa na nyundo, mama akiwa ameweka kiganja juu yake. "Juu kidogo," mama akasema. Tukapandisha. "Chini. Chini kidogo tena. Hapana, ilikuwa mbele zaidi." Tukasogeza. Jasho lilinitoka. Min Atieno hakulalamika, alikishika kwa mikono yote miwili. Tulikipandisha na kukishusha mpaka mikono ikaanza kumtetemeka. Na mama, nadhani alisikia ule mtetemo, maana alisema, "Hapo. Hapo ni sawa kabisa. Piga msumari."

Nikapiga. Hapakuwa sawa. Nililijua kwa jinsi alivyosema, maana ni sauti ile ile aliyonishukuru nayo Agosti.

Hakutembea tena peke yake. Aliishi miaka kadhaa na fimbo ile, na baadaye wakaiacha fimbo, akawa anamshika Min Atieno mkono. Alipougua, Min Atieno ndiye aliyemwosha. Watu wa hapa husema kwamba mlango wangu ndio uliowapatanisha, na husema hivyo ili kunifariji. Wewe usiniambie hivyo. Wale wawili walipatana kwa wema wao wenyewe. Mimi nilichofanya ni kumnyang'anya mama asubuhi zake, naye akanishukuru kwa hilo. Afadhali angenitukana siku ile mbele ya mlango, kabla sijarudi Migori na furaha yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakusema. Siku hizi nadhani ninajua. Nilikuja na zawadi iliyokwisha kutengenezwa. Mzazi aliyeletewa kitu kilichokwisha hana nafasi ya kusema, atashukuru tu, hata kama kimemkata. Nilipoificha siri ile nilidhani ninamlinda mama asijue mapema. Kumbe nilikuwa nimeiondoa siku pekee ambayo angeweza kuniambia hapana.

Na sasa, mwanangu, nirudi kwako. Mimi naona bado, usishtuke. Lakini tangu mama yako atuache nimeanza kutembea ndani ya nyumba hii bila kuwasha taa, na nimegundua kwamba ninashika vitu. Kabati la vyombo lina pembe iliyochubuka ambako yeye aliweka kiwiko akinisubiri nimalize kula. Ulisema pembe ile unataka kuipiga msasa. Mlango wangu unakwama, ni kweli, lazima uubonyeze kwa bega. Bega langu limeuzoea. Huenda ukinipa nafasi nitakwambia uutengeneze, maana msimu wa mvua unanitesa. Huenda pia nitakwambia uuache. Sijui bado, na ndiyo maana nataka kuulizwa.

Basi shika hili, na uwashikishe wanao siku ukiwa nao. Usiipige randa mbao ya mtu kabla hujakaa ndani ya nyumba yake na kumtazama akiishi. Tazama anapoweka mkono, anapoegemea, anapokanyaga. Kasoro unayoiona wewe mgeni huenda ndiyo mwenyewe anayoitegemea. Kisha muulize, na umuulize mbao ikiwa bado haijakatwa, ili akitaka kukataa asikuvunje moyo. Mtu akikuonya usianze kwa kupima moyo wake, anza kwa kupima neno lake. Na ukitengeneza kitu kikamdhuru mtu, usisubiri mwenyewe akwambie, kwa sababu wanaotupenda hawatuambii. Rudi uangalie.

Agosti ukija, mashine ziache kwenye gari kwanza. Ingia mikono mitupu, uketi kwenye kile kiti karibu na kabati, nikupikie chai mwenyewe, unitazame ninavyolifikia birika. Kile kipande cha siala nilikibandua mlangoni mama alipofariki, bado ninacho, nitakupa ukishike.

Mungu wa baba zako akubariki, mwanangu. Aibariki mikono yako isichoke na macho yako yaone kabla mikono haijaanza. Akupe mbao zilizokauka vizuri na nyumba yako mwenyewe ya kuzitumia. Zaidi ya yote akupe watu watakaokupenda kiasi cha kukuambia hapana, na akupe moyo wa kuwasikia.